Ubatizo wa Mzee Shida

Kanisa letu la udongo, upande wa Mwimbi, halikuwa na kengele. Lilikuwa na sauti ya katekista Eustaki. Enzi hizo za Mwingereza padri alifika kwetu mara chache, akiwa juu ya baiskeli na amechoka, na katika kuamua nani yuko tayari kubatizwa alilifuata neno la Eustaki. Kila Pasaka neno hilo lilimnyima maji Mzee Shida.

Sababu tuliijua wote. Eustaki alipokuwa bado anasoma ukatekista misheni, surua iliua watoto wawili wa Shida. Shida akamtaja mama yake Eustaki, mjane, kuwa ndiye mchawi. Akawaongoza vijana wakachoma nyumba yake na kumfukuza kijijini kwa mawe. Mama akateremka peke yake hadi bondeni Milepa, kwenye joto lisilozoeleka kwa mtu wa huku kwetu juu, na huko akafa kwa homa, hana wa kumshika mkono. Habari zilimfikia Eustaki mama amekwisha kuzikwa.

Alipomaliza masomo angeweza kupangiwa kijiji kingine. Aliomba arudishwe kwetu.

Miaka ikapita, Shida akaingia mafundisho. Akaacha pombe, akazikariri sala zote. Siku ya kuulizwa, Eustaki alimsimamisha mbele ya padri na watu.

"Amri ya tano inasemaje?"

"Usiue."

"Umeishika?"

Mzee aliinamisha kichwa. Eustaki akamgeukia padri. "Huyu bado, padri." Ikawa hivyo mwaka hadi mwaka.

Safari moja Shida alikuja na mbuzi, akapiga magoti uani mwa katekista. "Mwalimu, nisamehe. Nilikuwa mjinga."

"Mbuzi wako mpeleke Milepa," Eustaki alimjibu. "Kamwombe mama mwenyewe."

Nyumbani kwake jina la Shida halikutajwa. Adolfu, mwanawe wa kwanza, alichapwa kwa sababu alikula viazi kwa yule mzee. Siku hiyo mkewe, Fransiska, alimwambia, "Baba Adolfu, kanisani unatuongoza vizuri. Hapa ndani unatulisha uchungu wako."

"Basi kuleni," alisema.

Masika moja Shida akashikwa na kichomi. Binti yake, Agnesi, alikuja mbio hadi shambani, Eustaki na mkewe wakiwa wanapiga matuta.

"Shikamoo, mwalimu. Baba anakata roho. Anaomba ubatizo."

Eustaki aliegemea jembe. Kubatiza mtu wa kufa ilikuwa kazi yake, alijua. "Mwambie namalizia tuta hili."

Akalimaliza, akaanza jingine. Agnesi alisimama akilia.

"Baba Adolfu, twende," Fransiska alisema.

"Mama yangu alipoomba maji Milepa, nani alimpa?"

Fransiska aliweka jembe chini. "Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba padri na katekista wakikosekana, Mkristo yeyote aweza kumbatiza anayekufa."

"Ukienda, usirudi kwangu."

Alikwenda. Alichota maji mtungini kwa kata, akammiminia mzee kwenye paji la uso, akampa jina la Tadei. Shida alikufa kabla jua halijafika utosini.

Fransiska aliporudi alikuta mlango umefungwa kwa ndani, watoto wako nje. Akawasha moto uani, akawapikia watoto ugali wa ulezi. Mvua ilipoanza kunyesha, Eustaki akafungua.

"Umeninyang'anya," alisema. "Nilitaka afie nje ya mlango, kama mama."

"Najua ulichotaka. Sogea, watoto wanalowa."

Kesho yake ilimbidi amzike, kwa kuwa marehemu alikuwa Mkristo na kiongozi mwingine hatukuwa naye. Alisoma sala zote bila kuruka hata moja. Lakini tulipotupia udongo kaburini, kila mtu konzi yake, yeye alikunja mikono nyuma, akaondoka.

Alituongoza miaka mingi baada ya hapo. Kila siku ya marehemu wote aliwataja wafu wa kijiji, akianza na mama yake, na jina la Tadei alilipita. Hapo Fransiska alisimama upande wa wanawake, akalitaja mwenyewe kwa sauti, nasi tukaitikia. Eustaki alingoja tumalize, macho yake ukutani, kisha akaendelea na anayefuata.