Mjomba Alivyomkomaza Mdogo Wangu

Kwetu Newala mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake. Kwa hiyo mdogo wangu aliposema anataka kwenda jeshini, Mjomba, askari mstaafu, hakumuuliza mtu. Alijaza mchanga kwenye kiroba, akamfunga mgongoni. Kila mchana, jua linaunguza mpaka mikorosho inanywea, kijana anashuka mlima hadi bondeni na kupanda tena bila tone la maji.

Katikati ya mlima Mjomba alimsubiri na kidumu. "Pole, mwanangu. Umechoka? Kunywa." Siku ya kwanza alikunywa, akarudishwa bondeni kuanza upya. Tangu hapo jibu lake likawa moja: "Sijachoka, afande!" Mjomba anacheka mpaka anashika mbavu.

Mimi sikucheka. Nilimwambia, "Mjomba, mlima huohuo bibi zetu waliupanda na ndoo za maji kichwani, na kule bondeni walikunywa kwanza."

"Mambo ya jandoni wewe utayajulia wapi?" akanijibu. Jamani! Nilitamani kumtupia mwiko.

Asubuhi moja nilimwona mdogo wangu akitoka chooni anajishikilia ukutani. Mapaja yamevimba. Nikambana, akasema mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi. "Dada, usimwambie Mjomba. Ataniona legelege."

Nilimwambia Mjomba palepale. Nikaongeza kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Akasema ni uchafu wa uvivu unatoka, na usaili umekaribia. Mama alinyamaza, maana kaka yake akishasema, amesema. Niliogopa vibaya sana.

Mchana huo mdogo wangu alianguka karibu na kilele. Mjomba mwenyewe ndiye aliyembeba mpaka barabarani, kiroba cha mchanga bado kiko mgongoni kwa kijana, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kukifungua. Tulikodi gari, tukateremka Masasi, tukanyoosha mpaka hospitali ya misheni, Ndanda. Njia nzima hakukojoa.

Daktari alisema misuli imeharibika na figo zinazidiwa. Lakini mguu mmoja ulimtia wasiwasi zaidi. Alitaka kujua kama bado una hisia, la sivyo wangeupasua haraka kuachia uvimbe unaobana damu. Akaubonyeza. "Ukiumia, sema."

Mdogo wangu alitazama dari. Jasho lilimtoka, midomo ikatetemeka. "Siumii."

"Hapa je?"

"Siumii, afande."

Nikapiga kelele, "Sema ukweli, wewe!" Hata hakugeuka. Mjomba akapiga magoti kando ya kitanda, mzee mzima analia mbele ya manesi. "Mwanangu, mazoezi yamekwisha. Sema unapoumia. Nakuomba."

Mdogo wangu alimtazama, akatabasamu kidogo.

"Hunipati, Mjomba," akasema. "Siumii."