Mvua Niliyomwombea Jirani

Kwenye kanisa letu, sisi tuliotoka Kongo, maombi hayafanywi kimya. Mchungaji akisema tuombe, kila mtu anapaza sauti na kumweleza Mungu shida zake wakati uleule, mpaka mabati yanatetemeka. Ndani ya kelele hiyo unaweza kusema lolote, hakuna binadamu atakayekusikia. Kisha mchungaji anagonga kengele na wote tunanyamaza.

Jumapili moja niliingia kanisani nikiwa na hasira. Jirani yangu, mwanamke aliyenizidi miaka michache, alikuwa ameanika chisense yake mahali pangu. Chisense ni visamaki vidogo vya kukausha, na hapa Nchelenge, upande wa Zambia wa ziwa, mchanga safi wa ufukweni hugombaniwa. Mahali pale nilipafagia kwa mikono yangu mwenyewe. Nilipomwambia ahame, alinijibu kwamba jua ni la Mungu. Basi nikaamua kumshtaki kwa mwenye jua.

Niliomba kwa bidii. Adhabu ya Mungu naijua tangu utotoni, na siku zote ilikuwa ya mtu mwingine. Nilimkumbusha kwamba yeye ni wa haki, na kwamba mimi sijawahi kukosa mazoezi ya kwaya. Nilifumba macho, nikakunja ngumi, na kengele sikuisikia. Kanisa zima lilinyamaza, sauti yangu ikabaki peke yake.

"Na chisense yake, Bwana, uinyeshee mvua mpaka yote ioze."

Nilipofumbua macho, jirani yangu alikuwa amegeuka ananitazama.

Wazee wa kanisa walinipa wiki tatu za benchi la nyuma. Anayekaa pale haimbi, hashiriki meza ya Bwana, wala haruhusiwi kutoka, hata wiki zake zikiisha, mpaka yule aliyemkosea aje kumshika mkono na kumrudisha mbele. Kwaya ilikuwa inajiandaa kwenda kuimba Mwansabombwe, na mwanzishaji wa nyimbo ni mimi. Niliitaka safari ile kuliko kitu chochote. Lakini ningekuwa mimi niliyeombewa hasara, nisingekuja kumshika mtu mkono.

Jumanne wingu lilitokea upande wa Puta. Nakiri kwamba nilifurahi, tena sana, mpaka nilipokumbuka kwamba chisense yangu nayo iko nje, hatua tano kutoka kwa yake. Katika kuomba nilisahau kumwonyesha Mungu mpaka wetu. Tulikimbia wote wawili, kila mmoja na turubai lake, bila kusalimiana, na tulichelewa wote wawili. Kesho yake bata wa mtaa mzima walishiba chisense yetu.

Kwenye kwaya nilizoea kuona nyuso zikinitazama. Kwenye benchi la nyuma, kati ya wenye vichanga na wachelewaji, niliona visigino vilivyopasuka na mashati yaliyotiwa viraka. Niliona pia mgongo wa jirani yangu, umepinda kwa kubeba beseni kama wangu. Nilimwonea huruma, kisha nikakasirika kwa kumwonea huruma.

Jumapili ya tatu mchungaji aliuliza nani atamrudisha dada yetu. Nilikuwa nimeanza kulia, sifichi, wakati jirani yangu alipoinuka, akafunga kitenge chake vizuri, akaja mpaka nyuma. Mkono hakunipa. Alikaa.

"Sogea kidogo," alisema. "Na miye, fasi yangu njo hapa kwa benchi."

"Yaya, unafanya nini?" nilimnong'oneza, maana kwetu dada mkubwa huitwa yaya. "Ba pasta banatungojea."

"Siku ile na miye nilikuwa naomba mvua kwa chisense yako. Ile yangu tu, nilimaliza mbele ya kengele."

Nilicheka kwa sauti, machozi yangu bado mashavuni, na yeye akacheka. Mchungaji alitaka kujua kuna nini. Tulisimama, tukashikana mikono, tukaenda mbele kumweleza. Akauliza sasa nani anamrudisha nani.

Basi akaligeukia kanisa. Akauliza kama kuna mwingine ambaye maombi kama yale aliyamaliza kabla ya kengele. Wazee walionihukumu walikuwa wanatazama viatu vyao. Niligeuka kuliangalia benchi la nyuma, nikaona ni fupi mno kwa kanisa letu.