Mshabiki wa Nafasi ya Tatu

Ukimuuliza mtu yeyote pale Bariadi kama yeye ni Simba au Yanga, atakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Ukimuuliza Mayala, fundi baiskeli, yeye atakuuliza kwanza ni timu gani iko nafasi ya tatu. "Basi hao ndio wangu," atasema, kisha atarudi kwenye spoku zake. Timu hiyo ikipanda au ikishuka, anaiacha bila huzuni na kuichukua nyingine.

Milembe, mkewe, alikuwa ameishi na tabia hiyo muda mrefu na bado haikuwa imemchosha. Wasiwasi ilimtia, lakini Milembe alitiwa wasiwasi na karibu kila kitu: mvua ikichelewa, mvua ikiwahi, mtoto akinyamaza, mtoto akiongea sana. Shule yake iliishia darasa la saba, tena kwa kusuasua, ila macho alikuwa nayo. Alipenda kusimama mlangoni na ungo mkononi, akitazama nani kapita na nani karudi na kabeba nini. Na kila alipomsikia mumewe anabishana, alijiuliza swali lile lile: huyu mtu anaona nini ambacho sisi hatukioni? Au ni yeye asiyeona kinachoonekana na kila mtu?

Mabishano ya Mayala yalitoka kwenye ngoma. Ujanani, huko Kasoli, alikuwa ningi, yaani kiongozi wa wachezaji, upande wa Bagalu. Baada ya kuvuna pamba, Bagalu na Bagika hukutana uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake. Jaji hakuna. Watu wanakimbia huku na kule, na kundi lenye watu wengi ndilo limeshinda. Mayala aliwahi kuimba mpaka sauti ikakauka, halafu upande wa pili wakatoa chatu kwenye gunia, na uwanja wake ukabaki na mbwa na mama mkwe. Tangu hapo haamini kelele. Anatazama miguu.

"Timu imeshinda, sawa," husema. "Lakini watu walikuja kuitazama hiyo, au walikuja kwa sababu wengine wamekuja?"

Mwanaasha, jirani mwenye duka la rejareja, alikuwa akimchokoza kila anapopita kufungua.

"Mzee, na sisi tulioolewa kwa kelele tufanyeje?"

"Wewe hukuolewa kwa kelele. Uliolewa kwa duka."

"Mama Faraja, msikie mumeo."

"Namsikia kila siku," Milembe alijibu. "Chukua zamu kidogo."

Yangeishia barazani, yasingemnyima mtu usingizi. Tatizo lilikuwa simu. Redio ya mjini ilikuwa na kipindi cha asubuhi, magazeti yakishasomwa, ambapo wasikilizaji wanapiga na kutoa maoni. Mayala hakukosa, na kila mara alianza na salamu ya asubuhi ya Kisukuma.

"Mwangaluka studio. Mimi Mayala fundi baiskeli. Mmetusomea gazeti, na gazeti lenyewe limeandika walichosema redioni jana. Sasa habari yenyewe iko wapi, au mnarushiana tu kama mpira wa kona?"

Mtangazaji anacheka, anamshukuru, anakata. Watu mjini wakamzoea. Wengine walifungua redio ili wamsikie yeye tu.

Halafu Faraja, binti yao, akapata kazi kwenye redio hiyo hiyo. Mkataba ulikuwa wa majaribio, wa kushika maikrofoni na kukimbilia matukio, na ulikuwa unakaribia kuisha. Milembe alikuwa ameuombea mkataba ule kanisani kwa jina, kama mtu anavyomwombea mgonjwa. Binti yake alikuwa ameuza mitumba, amefundisha chekechea bila kulipwa, na hii ndiyo kazi ya kwanza aliyorudi nayo nyumbani anaimba.

Mwaka ulikuwa wa uchaguzi. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anautaka udiwani akatangaza kombe: fainali ingechezwa Jumamosi kule Ngulyati, mshindi anapewa fahali, na makundi mawili ya ngoma yangekuja kuchangamsha watu. Matangazo yote aliyalipia kwenye redio ya kina Faraja. Asubuhi iliyofuata Mayala akapiga simu.

"Huyu ndugu kakulia mbali, tumsamehe. Angeita kundi moja, lingemwimbia yeye. Kaita mawili, yatashindana yenyewe. Jumamosi msije mkatuambia maelfu wamemfuata mgombea. Mpirani hatabaki mtu. Hata wachezaji watatoka waende ngomani."

Jioni Faraja alirudi haimbi.

"Meneja wetu, Tajudin, kaniita," akamwambia mama yake jikoni. "Anasema Baba akipiga tena kabla ya Jumamosi, Jumatatu nisijisumbue kuja. Na Jumamosi niwe hewani moja kwa moja, nitafute wananchi waseme wamekuja kwa ajili ya kombe."

"Labda alikuwa anatania."

"Mama, Tajudin hajui utani."

Milembe alingoja mumewe anawe mikono, ale, ashibe. Ndipo akasema, "Baba Faraja, hiyo simu haiwezi kupumzika kidogo?"

"Nimesema uongo?"

"Sijataja uongo. Nimetaja mtoto."

Mayala alitazama sahani yake, kisha akaitoa simu mfukoni na kumpa mkewe aifungie kabatini. Siku zilizobaki hakupiga. Lakini alikataa pia kwenda Ngulyati. "Nikikaa mpirani, yule ndugu atasema nimemfuata yeye. Nikikaa ngomani, Bagika watasema wameninyang'anya. Nitakaa hapa, nisihesabiwe na mtu."

Milembe akaenda. Kila aliyemuuliza alimwambia anakwenda kumtazama mtoto kazini, na ni kweli. Ila chini ya hilo lilikuwepo jingine: alitaka kuona, safari hii kwa macho yake, kama mumewe ana akili au ana ubishi tu.

Mwanzoni watu walijaa kandokando ya uwanja, na mgombea alikaa chini ya turubai na wageni wake. Mpira ukaanza. Muda si mrefu ngoma zikalia upande wa pili, zote mbili kwa pamoja. Wazee ndio walioondoka kwanza, taratibu, kama watu wanaokwenda kujisaidia. Wakafuata akina mama. Kisha kundi zima la vijana likavuka kwa mbio kutoka Bagalu kwenda Bagika, na vumbi likasimama. Milembe akamshika mkono dada mmoja aliyekuwa anakimbia na mtoto mgongoni.

"Kuna nini kule?"

"Sijui, mayu. Nimeona watu wanakimbia."

Jibu hilo likamkaa kichwani. Akasimama mahali pa juu kidogo, akaangalia. Wengine walifika, hawakuona kitu, wakarudi mbio walikotoka, na nyuma yao wakavuta wengine. Mpirani napo hapakuwa patupu. Walibaki wengi tu.

Alikuwa bado ameduwaa alipomwona Faraja anakuja, maikrofoni mkononi na simu sikioni. Uso wa binti ulikuwa umekauka. Alikuwa amewahoji watu watatu: mmoja alitaka kujua chatu ataletwa saa ngapi, wa pili akasalimia ndugu zake wa Nkololo, wa tatu akakimbia. Macho yao yakakutana.

"Wasikilizaji, niko na mama mmoja hapa. Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo umekuja kufuata nini hapa Ngulyati?"

Milembe aliukumbuka mkataba. "Nimekuja kuangalia mpira wa mheshimiwa," akasema haraka, kama anayejibu polisi.

"Na unauonaje?"

"Mzuri. Wanacheza vizuri sana."

Faraja akasita. "Mama, mpira uko nyuma yako."

Milembe akageuka. Wachezaji walikuwa wamekaa chini kwenye nyasi, wanakula machungwa. Ilikuwa mapumziko. Waliomzunguka wakaangua kicheko, na kijana mmoja akasema, "Huyo mama ndiye kocha wao." Milembe alijifunika mdomo kwa khanga.

Ndipo Faraja akaisogeza maikrofoni kwake mwenyewe. "Wasikilizaji, mama ametazama ngoma, na mimi nilikuwa naitazama pia. Mpirani wamebaki watu, na si wachache. Lakini wengi wako ngomani, na pale kwenye turubai viti vingi havina mtu."

Simu sikioni mwake ikakatika. Hewani, waliosikiliza walisema, kuliwekwa muziki.

Walirudi mjini pamoja, wakakaribia nyumbani.

"Kwa nini hukusema tu walichotaka?" Milembe akauliza.

"Na wewe kwa nini ulidanganya?"

"Kwa ajili yako."

"Watu walikuwa wanakucheka, Mama. Ningeendeleza vipi uongo ambao kila mtu ameshauona?"

Mayala alikuwa amesikia yote. Hakutamba kama Milembe alivyotarajia. Alisema tu, "Hilo la viti sikuliwaza," akaenda kulala. Jumapili Milembe alisali bila kujua aombe nini hasa.

Jumatatu alisimama mlangoni na ungo usio na kitu. Faraja akatokea, anatembea kawaida, si haraka wala polepole, mwendo ambao hata mama yake hakuweza kuusoma.

"Meneja kanisema kuanzia mlangoni," Faraja akaeleza. "Mgombea alipiga simu, amekasirika. Nikaona basi. Halafu Tajudin akaniuliza, yule mama wa machungwa ni nani? Nikamwambia. Akacheka mpaka akavua miwani. Mkataba wa kudumu hajanipa. Kaniongezea majaribio, ila kanihamisha. Simu za asubuhi ni zangu sasa. Anasema Baba akinishinda na mimi, tutatoka hewani sote wawili."

Kwa hiyo bado. Milembe alipima jambo hilo kifuani akaona ni zito kama la jana, ila limekaa vizuri zaidi. Akafungua kabati akamrudishia mumewe simu.

Kesho yake magazeti yaliposomwa, Mayala alikuwa ameshakohoa mara kadhaa. Akapiga. Redio ya sebuleni ikapiga mluzi mkali.

"Mpigaji, punguza sauti ya redio yako," Faraja akasema.

Kwa kawaida Milembe angeizima. Safari hii aliibeba hadi jikoni, akaiweka juu ya pipa la mahindi, akafunga mlango. Ndipo akagundua kwamba tangu mumewe aanze kupiga simu, hajawahi kumsikia kama watu wengine wanavyomsikia. Sauti yake redioni ilikuwa ndogo, na ilikuwa na haya kidogo.

"Mwangaluka studio. Mimi Mayala. Nilisema mpirani hatabaki mtu."

"Walibaki, mzee wangu. Wachezaji pia walibaki. Mimi nilikuwepo, wewe hukuwepo."

"Aliyepo anasukumwa na wenzake. Asiyepo ndiye anaona vizuri."

"Hapo sikubaliani na wewe. Aliyekaa nyumbani ameona nini zaidi ya redio? Na redio yenyewe huiamini."

Milembe akashika mwiko juu ya sufuria ya uji bila kukoroga.

"Lakini walifuata ngoma," Mayala akasema.

"Wengine ngoma, wengine mpira," Faraja akasema.

"Hapana," Milembe akaiambia redio, akisogea karibu nayo kana kwamba inamsikia. "Mnakosea nyote wawili. Watu walifuata watu. Mimi nilikuwa pale juu, niliwaona."

Uji ukaanza kufurika. Akauacha umwagike kidogo, maana Mayala alikuwa anajibu.