Kelele za Kufukuza Ndege

Katika mkutano ule wa wazazi, hakuna aliyepigiwa makofi mengi kuliko mimi. Ilikuwa miaka ya tisini, mwezi wa nne, masika yamekolea na barabara za Ifakara zimekuwa uji. Tulikutana kwenye chumba cha darasa la saba, wazazi tumebanana kwenye madawati machache yaliyokuwepo, wengine wamekalia matofali waliyokuwa wakikalia watoto wetu siku zote.

Nilikuwa na kidato cha nne. Niliwahi kuwa karani wa ushirika wa mpunga, na ushirika ulipokufa nikarudi kwenye jembe kama kila mtu. Kwa hiyo mtaani nilikuwa yule mzee anayejua kusema, na mimi mwenyewe nilipenda kujulikana hivyo.

Nilisimama. Nikasema watoto watano wanasoma kitabu kimoja. Nikasema mvua ikinyesha wanahamia kona moja ya darasa kama kuku. Nikasema wanabeba maji ya walimu asubuhi na kufagia mchana, na baba akiuliza mtoto amejifunza nini, mtoto anatazama chini.

"Toboa, mzee!" mtu akapiga kelele kutoka mlangoni.

"Natoboa," nikasema. "Napendekeza hivi. Mpunga ukianza kutia maziwa, shule ifungwe mpaka tuvune. Watoto waje shambani wafukuze ndege. Huku hawapotezi kitu, na kule tunapoteza chakula cha mwaka mzima."

Makofi yalilia. Kila mwenye shamba bondeni alinielewa. Mashamba yetu yapo mbali, ng'ambo ya mto, na msimu ukifika familia huhamia huko. Tunajenga dungu, kibanda cha nyasi juu ya nguzo ndefu, tunaishi humo juu miezi mitatu au minne, maji chini yetu na mpunga pande zote. Ndege wakija, anayebaki salama ni yule mwenye watu wa kupiga kelele.

Mwalimu wa hesabu aliomba nafasi ya kujibu. Alikuwa binti mdogo, ameletwa kutoka mkoa wa mbali, bado hajazoea mbu wetu. Alisema kwa upole kwamba darasa la saba wana mtihani, na mwaka huu kuna watoto watatu au wanne wanaoweza kwenda sekondari, mmojawapo binti yangu.

"Mwalimu," nikamkata, "wewe mshahara wako hauliwi na ndege."

Darasa zima lilicheka. Hata wanawake walioketi sakafuni walicheka, wakapigana viganja. Yeye alitabasamu kidogo, akakaa. Nilirudi nyumbani nikijiona nimeshinda.

Pendekezo langu halikupita. Mwalimu mkuu alitangaza kwamba mzazi atakayemtorosha mtoto atapelekwa ofisi ya kata. Wiki mbili baadaye mpunga wangu ulianza kutia maziwa. Nilimchukua binti yangu wa darasa la saba, tukavuka mto. Kabla ya kuondoka nilipita shuleni nikamwambia yule mwalimu wa hesabu kwamba mtoto anaumwa homa kali, nimempeleka kwa bibi yake Lupiro akauguzwe. Nilisema uongo huo nikiwa nimesimama wima, kofia mkononi, kama mtu anayetoa ushahidi.

"Pole sana, baba," akasema. "Bibi anakaa sehemu gani ya Lupiro?"

Nikamweleza mpaka nyumba, kwa sababu uongo wenye maelezo mengi huaminika. Sikufikiri kwamba mtu anaweza kuuliza kwa nia ya kwenda.

Haikuwa mara yangu ya kwanza. Miaka mitatu nyuma nilimtoa dada yake mkubwa akiwa darasa la tano, kwa homa hiyo hiyo ya kubuni, kwa bibi huyo huyo. Msimu ulipokwisha alikuwa amepitwa na mengi, akaona haya kurudi, nami sikumsukuma. Hakuna mwalimu aliyemfuata. Aliolewa na kijana wa shamba la jirani, na mwaka huo ninaousimulia alikuwa kwenye dungu lake, hatua kama mia mbili kutoka langu, mtoto mgongoni, akifukuza ndege wa mume wake.

Asiyewahi kuwaona kweleakwelea hawezi kuelewa hofu yetu. Ni ndege wadogo, mmoja unaweza kumfumba kwenye kiganja. Lakini hawaji mmoja mmoja. Hutokea upande wa milima kama moshi, moshi unakunja kona, unashuka, na unaposhuka unasikia mvumo kama mvua ya mbali inayokuja. Wakitua, mashuke yote huinama kwa pamoja. Hapo binti yangu alikuwa akivuta kamba zenye makopo na kupiga kelele, na dada yake akipokea kule, na lile wingu likiinuka tena na kugeuka angani mara moja kana kwamba lote lina roho moja. Nimeishi bondeni maisha yangu yote na bado nikiliona nasimama kuangalia.

Mimi nilishinda chini, kwenye maji, nikitega madema ya kambale na kurekebisha nguzo. Kelele za mabinti zilipita juu yangu mchana kutwa. Kelele ndizo nilizozitaka, na maadamu zilikuwa nyingi, niliridhika.

Siku ya Ijumaa, jua limeanza kulala, nilimwona mtu anakuja ndani ya maji. Alikuwa anapita kwenye njia ya mitumbwi, bila mtumbwi, maji yamemfika kiunoni, kichwani ameshika mfuko wa nailoni kwa mikono miwili. Nilidhani ni mtu amepotea. Alipokaribia nilitambua ile sura, nikaliachia dema nililokuwa nimelishika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu," nikajibu.

Alikuwa ameendesha baiskeli kutoka Ifakara, amevuka kivuko, amefika Lupiro mpaka mlangoni kwa mama yangu, akabisha hodi akiuliza mgonjwa. Mama yangu alikuwa anapepeta. Alimwambia, kwa kicheko, "Mgonjwa gani, mwanangu? Yuko kwenye madungu, ana sauti kama tarumbeta." Akamwelekeza njia. Baiskeli ameiacha kwa watu kando ya barabara, na kutoka hapo akaingia majini. Mtu ambaye kwao, kama alivyoniambia baadaye, mto mkubwa aliokuwa akiujua unavukwa kwa kuruka mawe.

Akaushusha ule mfuko. Ndani kulikuwa na sukari nusu kilo, imeshika unyevu, na machungwa mawili.

"Nimemletea mgonjwa," akasema.

Nilipokea kwa mikono miwili. Sijawahi kubeba kitu kizito kama nusu kilo ile.

Nilisubiri anitukane. Badala yake aliinua kidole, akaniashiria ninyamaze. Alikuwa anasikiliza. Uso wake ulianza kubadilika polepole, kama mtu anayesikia jina lake likitajwa mahali asipojulikana.

"Baba," akasema kwa sauti ya chini, "unasikia wanachopiga kelele?"

"Wanafukuza ndege."

"Sikiliza."

Nikasikiliza. Kwa mara ya kwanza msimu ule nikasikiliza.

"Kumi na tatu mara sita!" binti yangu alipaza sauti kutoka juu ya dungu, akavuta kamba, makopo yakalia.

Kisha kutoka ng'ambo, juu ya mpunga wote ule, sauti ya dada yake: "Sabini na nane! Kumi na nne mara saba!"

"Tisini na nane! Kumi na sita mara tisa!"

"Mia na arobaini na nne!"

Na kila jibu likiruka, ndege waliinuka. Waliinuka kwetu wakatua kwake, wakainuka kwake wakarudi kwetu, na hesabu zikivuka pamoja nao, huku na huko, juu ya maji yaliyokuwa yamegeuka rangi ya shaba. Madungu mengine ya mbali, watoto wa watu, yalianza kuitikia na wao, wengine wakikosea na kuchekwa. Bonde zima lilikuwa linafanya hesabu. Sijui lilikuwa linafanya hivyo kwa wiki ngapi, nami nimeinama chini yake nikitafuta kambale.

Mwalimu alikuwa amesimama na maji kiunoni, mkono mdomoni.

"Jedwali la kuzidisha tulilowafundisha linaishia kumi na mbili," akasema. "Huko mbele wamekwenda wenyewe."

Mimi pia, na kidato changu cha nne, niliishia kumi na mbili.

Binti yangu alituona. Alinyamaza, akashuka ngazi nusu, akasimama hapo katikati ameshika nguzo. "Shikamoo, mwalimu," akasema kwa sauti ndogo. Homa niliyomsingizia ilikuwa imempata sasa, maana alitetemeka.

"Marahaba. Pole na ugonjwa," mwalimu akamjibu, na wote wawili wakashindwa kujizuia, wakacheka. Kisha akanigeukia, na hapo hakuwa anacheka. "Baba, Jumatatu tunaanza mtihani wa majaribio. Asipokuwepo, mwalimu mkuu anamwandika mtoro, na majina ya watahiniwa yatapelekwa wilayani bila lake. Sikuja kugombana. Nimekuja kumchukua."

"Nipe wiki moja," nikasema. "Mpunga ukikomaa kidogo tu. Wiki moja, mwalimu. Umewaona ndege wenyewe."

"Nimewaona. Ulisema hawali mshahara wangu. Nikasema nije niwaone."

Ng'ambo, dada yake alikuwa bado anaita, hajui kilichotokea. "Mbona kimya? Umeshindwa? Kumi na tano mara kumi na tano!"

"Yule ni nani?" mwalimu akauliza. "Anasoma shule gani?"

"Hasomi," nikasema. "Ni dada yake. Ameolewa."

"Alisoma mpaka darasa la ngapi?"

"La tano."

"Kwa nini aliacha?"

Niliangalia madema yangu. Mimi, msemaji wa mikutano, nikaanza kufungua fundo la dema. Aliyejibu ni yule aliyeshika nguzo, na hakujibu kwa ubaya. Alijibu kama mwanafunzi anayeulizwa swali analolijua.

"Alikuwa anafukuza ndege, mwalimu."

Nilimwambia ashuke akachukue nguo zake.

Waliondoka kabla giza halijaingia, mwalimu mbele, binti yangu nyuma na kifurushi kichwani. Niliwatazama mpaka vichwa vyao vikawa vidogo kama vya bata. Sukari walikataa kurudi nayo. Mwalimu alisema nami nilionekana mgonjwa.

Binti yangu alifanya ule mtihani wa majaribio, na wakati wake ulipofika akafanya mtihani wenyewe, akachaguliwa kwenda sekondari. Shuleni kwetu walichaguliwa wawili tu. Leo ni mtu mzima mwenye kazi yake, na watu wa mtaani huniambia, "Mzee, ulimsomesha." Huwa nawaambia ukweli, lakini hawataki kuusikia.

Siku hizi nikienda kwenye mikutano ya wazazi kwa ajili ya mjukuu, nasikia vijana wakisimama na kusema kama nilivyosema mimi. Vitabu, matundu ya vyoo, walimu wachache. Wanasema kweli, kama nilivyosema kweli. Madawati hayakutosha, na mtoto hapaswi kusoma akiwa amekalia tofali. Kosa langu ni kwamba niliutumia ukweli huo kuficha nilichokitaka, na nilichokitaka kilikuwa mtu wa kuvuta kamba. Mapungufu yote ya shule ile nilikuwa nayahesabu. Yule mwalimu aliyetembea kwenye maji na sukari kichwani sikuwa nimemhesabu.

Lakini ninalolikumbuka zaidi ni asubuhi iliyofuata. Nilipanda juu ya dungu peke yangu. Umande ulikuwa bado mweupe kwenye mashuke, na ule moshi ulikuwa umeshaanza kujikunja upande wa milima. Niliona kwa mbali mtu amesimama kwenye dungu la jirani, mtoto mgongoni. Jioni ya jana yake alikuwa ameona watu wakipita majini. Alijua mdogo wake ameondoka, na alijua ni nani amebaki.

Alingoja kidogo. Kisha akaita, sauti ile ile, wala haikuwa na kinyongo nilichoweza kukisikia.

"Kumi na saba mara nane!"

Ndege walianza kushuka. Nilivuta kamba, makopo yakalia. Nilizidisha kichwani, nikapoteza, nikaanza upya. Miaka mitatu alikuwa akifukuza ndege, na mwaka wa kwanza alisimama hapo hapo nilipokuwa nimesimama, mtoto wa darasa la tano, peke yake, hana wa kumwitikia. Mwaka ule alipiga kelele gani, sijui. Nilikuwa chini yake, na sikusikiliza.

"Mia na ishirini na sita!" nikapaza sauti.

Mvumo wa mabawa ulikuwa umekaribia. Kisha nikasikia kicheko chake kikivuka mpunga, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu aolewe.

"Umekosa, baba! Rudia!"

Nikarudia.