Mke Wangu Magreth na Masale Yaliyokatwa

Mke wangu Magreth ni mjumbe wa Baraza la Ardhi la kijiji chetu, huku juu ya Tengeru. Wajumbe ni saba, na watatu ni wanawake kama sheria inavyotaka. Alipochaguliwa, watu walisema amewekwa ili nafasi ijae. Leo watu hao hao wakigombania mpaka huuliza kwanza, "Mama Daniel atakuwepo?" Nimeamua kuandika habari zake kwa sababu yeye mwenyewe hataandika, na mimi kusema mbele za watu kunanishinda. Hata kanisani, tukiwa na wageni wa kutambulisha, huwa namgusa kiwiko asimame yeye.

Alizaliwa Nduruma, akamaliza darasa la saba kama mimi. Siku ya kwanza kumwona ilikuwa soko la Jumamosi, Tengeru. Wanawake wawili walikuwa wanagombania mahali pa kupanga ndizi zao, na matusi yalishaanza. Magreth alikuwa pembeni na nyanya zake. Akamwambia mmoja wao, "Dada, hebu tuambie kwa nini huyu mwenzako anaona mahali hapa ni pake." Yule mama alikuwa na maneno mengi ya kwake, lakini ya mwenzake hakuwa nalo hata moja. Mimi nilikuwa nimeshusha mikungu yangu. Nikanunua nyanya ambazo sikuzihitaji.

Njia hiyo ndiyo aliyoingia nayo kwenye Baraza. Kabla hujaeleza madai yako, unaeleza kwanza ya mwenzako, mpaka mwenzako akiri kwa mdomo wake, "Hapo umenisema." Mwenyekiti wetu, Mzee Lemburis, alinung'unika mwanzoni kwamba inapoteza muda. Baadaye aliona kesi zinaishia hapo hapo, haziendi kwenye kata, akanyamaza.

Mwaka jana jambo hilo lilikuja nyumbani kwetu.

Sisi tumezaliwa wanaume watatu. Abdiel ndiye mkubwa, Thomasi anamfuata, mimi kitinda mimba. Mashamba ya kaka zangu yamepakana, kahawa chini ya migomba, na katikati kuna mstari wa masale aliyoyapanda baba. Kwa Wameru yale majani marefu ya mpakani ni zaidi ya ua. Ukimkosea mtu, unakwenda kwake na sale mkononi kuomba msamaha, na ni vigumu sana akufukuze. Kwa hiyo anayekata masale ya mpaka amesema mambo mawili kwa mpigo: mpaka wako siujui, na msamaha wako siuhitaji.

Ugomvi wenyewe ulitoka mbali, Israeli na Palestina. Tangu vita vya Gaza vianze, kaka zangu walikuwa wanarushiana video kwenye kundi la ukoo la simu. Abdiel ni mzee wa kanisa, anasikiliza sana wahubiri, na ametundika bendera ya Israeli kwenye lango lake. Thomasi alifanya usafi miaka mingi katika jengo moja la mikutano pale mjini, palipokuwa na mahakama ya kimataifa. Alikuwa akisikia wanasheria wakibishana kwenye korido, akaokota magazeti na kuyasoma. Kila mmoja alikuwa na hoja zake.

Kilichoharibu ni babu yetu Sumari. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa Wameru kule Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi. Nyumba zilichomwa moto. Babu alikuwa mmoja wa waliofukuzwa. Wameru walipeleka shauri lao mpaka Umoja wa Mataifa. Nchi nyingi zilipiga kura kuwaunga mkono lakini kura hazikufika theluthi mbili zilizotakiwa, na ardhi ilirudi miaka ya baadaye kwa njia nyingine. Babu alirudi kule na ng'ombe wake, akawachunga mpaka alipougua akafa.

Sasa Jumapili moja baada ya ibada, Thomasi alimwambia Abdiel mbele ya watu, "Mjukuu wa Sumari unawapigia makofi wanaofukuza watu kwenye nyumba zao! Babu angekutemea mate."

Abdiel akajibu, "Babu alirudi kwenye ardhi ya baba zake. Na Wayahudi wamerudi kwenye ya baba zao. Wewe ndiye unayemtemea babu mate. Miaka yote ya kufagia mazulia ya wanasheria, umebeba vumbi lao kichwani."

Watu wengine walicheka. Thomasi hakucheka.

Kesho yake alfajiri nilikuwa nakwenda kukamua. Nikamwona Abdiel kwenye mpaka na panga. Alikata masale yote, toka njiani mpaka korongoni. Aliniona, nami nikamwona, nikashika njia yangu na ndoo.

Thomasi alipeleka malalamiko kwenye Baraza siku ile ile. Kesi ikapangwa kusikilizwa Jumatano. Na Jumamosi inayofuata ilikuwa sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake Elieshi kabla ya harusi. Katika ukoo wetu binti haondoki mpaka baba mkubwa amshike mkono na kumfikisha langoni. Baba mkubwa ni Abdiel. Elieshi alikuja kwetu jioni, akakaa jikoni kwa Magreth.

"Mama mdogo, baba anasema atanitoa mwenyewe. Baba mkubwa anasema hatakanyaga. Mimi nitatokaje? Kama mtu aliyefukuzwa?"

Magreth alimpa bakuli la loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, ale kwanza. Kisha akaja kwangu uani.

"Baba Daniel, umeona nini kwenye mpaka?"

Nikatazama miguu yangu.

"Haya. Jumatano utaitwa kutoa ushahidi. Utasimama mbele ya kijiji umseme kaka yako."

Magreth alivaa kitenge chake akatoka. Alikwenda kwa Mzee Lemburis, akamwambia hawezi kukaa kwenye kesi hiyo kwa sababu wenye kesi wote wawili ni mashemeji zake, na haki haikai sebuleni kwa ndugu. Mtu mwingine angekaa kimya na kutumia kiti chake. Alichoomba ni siku moja tu, Jumanne, awaite nyumbani kama shemeji yao. Mzee Lemburis alikubali.

Jumanne mchana alipika mtori wa ndizi, chungu kizima, wenye nyama ya kutosha. Kaka zangu wakaja, mmoja akaketi karibu na mlango, mwingine karibu na dirisha. Magreth aliwasalimia, "Shikamoo, shemeji," kila mmoja kwa zamu yake. Kisha akafunika chungu.

"Mtori uko tayari," alisema. "Hakuna anayekula mpaka kila mmoja amseme mwenzake na mwenzake akubali. Sisemi mkubaliane. Baba Nelson, wewe ni mkubwa, anza. Thomasi anasema nini juu ya Palestina?"

Abdiel akakohoa. "Thomasi anasema mambo ya ajabu ya magazetini..."

"Hapo umejisema wewe. Anza tena."

"Anasema Mungu alikosea."

"Sijasema!" Thomasi akaruka. "Shemeji, unamsikia?"

"Namsikia. Anza tena, Baba Nelson. Unasikia harufu ya mtori?"

Abdiel aliinuka nusu kwenye kiti. Nilifikiri ataondoka. Kisha akaketi tena, akaanza taratibu, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

"Anasema Waarabu wa Palestina walikuwa wanaishi pale vizazi na vizazi, na mizeituni yao. Mwaka 1917 Waingereza wakawaahidi Wayahudi makao ya taifa humo, na wenyeji, ambao ndio walikuwa wengi, hawakuulizwa. Mwaka 1948 vita vilipotokea, watu kama laki saba wakakimbia au wakafukuzwa, hawakuruhusiwa kurudi. Wengine wana funguo za nyumba zao mpaka leo. Mwaka 1967 Israeli ikateka ardhi nyingine, ikajenga makazi juu yake. Na mwaka 2024 Mahakama ya Dunia ikatoa maoni kwamba kuendelea kuikalia ardhi ile ni kinyume cha sheria." Akamtazama mdogo wake. "Na anasema watoto wa Gaza ni watoto."

Thomasi alikuwa anatazama dirishani. "Na hawana nchi yao," alisema kwa sauti ndogo.

"Na hawana nchi yao," Abdiel akarudia.

"Amekusema?" Magreth akauliza.

"Amenisema."

"Zamu yako, Baba Elieshi."

Thomasi alisugua goti lake. "Abdiel anaamini kila mhubiri mwenye maikrofoni."

"Anza tena."

"Shemeji, nilikuwa napasha moto injini."

Abdiel alitaka kucheka, akajikaza. Thomasi akakaa sawa.

"Anasema Wayahudi walikuwa na ufalme na hekalu Yerusalemu kabla ya Warumi kuwatawanya, na wengine hawakuondoka kamwe. Karne zote waliomba kurudi. Kila walikokwenda waliteswa, na Ulaya wakauawa milioni sita. Shirika la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa, lilipowapa Waingereza hati ya kuitawala nchi ile, hati iliandika kwamba Wayahudi wana uhusiano nayo wa tangu zamani. Waingereza hao hao, Shirika hilo hilo lililowapa na Tanganyika yetu." Akasogeza kiti. "Mwaka 1947 Umoja wa Mataifa ulipopendekeza kuigawa nchi, Wayahudi walikubali, Waarabu wakakataa, na majeshi ya majirani yakaingia. Wayahudi wengi nao walilazimika kuacha nyumba zao katika nchi za Kiarabu. Ardhi ya 1967 anasema waliipata wakijilinda, na kwamba mpaka wake wa mwisho haujawahi kukubaliwa. Na Oktoba 2023 watu waliuawa majumbani mwao, wengine wakachukuliwa mateka, wakiwemo watoto na vikongwe."

Nilisikia chungu kikitokota polepole.

"Amenisema," alisema Abdiel. "Amenisema kuliko mhubiri."

Magreth hakukimbilia chungu. Aliuliza, "Na babu Sumari? Alikuwa wa nani?"

Wakatazamana. Abdiel akasema, "Mimi aliniambia habari za kurudi. Nilikuwa nachunga naye kule."

Thomasi akasema, "Mimi aliniambia habari za moto. Nilikuwa nalala naye alipokuwa anaumwa."

Ndipo nilipozungumza. Sijui nani alinisukuma. Nilisema, "Babu alikuwa mmoja. Na masale nilikuona, kaka, ukiyakata. Usinipeleke Jumatano nikayasema mbele ya watu."

Maneno yangu ya siku nzima yalikuwa hayo. Abdiel aliinamisha kichwa mpaka nikaona nywele zake nyeupe za kisogoni. Akainuka, akatoka. Thomasi alifikiri amekasirika, nami pia. Magreth peke yake alianza kupakua, mabakuli manne.

Abdiel alirudi kabla mtori haujapoa. Mkononi alikuwa na sale moja, alilolichuma korongoni mahali panga halikufika. Alisimama mbele ya mdogo wake. Mkubwa kwa mdogo, jambo ambalo sikuwahi kuliona katika maisha yangu.

"Ya Yerusalemu sijayaacha," alisema.

"Wala mimi," Thomasi akajibu. Akalipokea lile sale kwa mikono miwili. "Lakini mpaka wangu uurudishe."

Walikula. Thomasi aliomba bakuli la pili. Jioni ile tulikwenda wote mpakani na majembe. Visiki vya masale vilikuwa vimebaki ardhini, kwa hiyo hakuna aliyeweza kudanganya mstari ulipita wapi. Palipokuwa na pengo Abdiel alichomeka vipande alivyovikata mwenyewe, maana sale hata likikatwa halikati tamaa, ukilichomeka linaota.

"Kaka, sogea, hicho umekichomeka kwangu," Thomasi alisema.

"Kiko kwenye mstari."

"Mstari wa 1947 au wa 1967?"

Abdiel alimrushia bonge la udongo. Tulicheka watatu mpaka mbwa wakaanza kubweka. Magreth alikuwa amesimama juu ya kilima kidogo, mikono kiunoni, akihesabu visiki kwa kidole.

Jumatano Mzee Lemburis aliita kesi ya masale. Thomasi akasimama akasema anaiondoa. Mzee akamgeukia Magreth, aliyekuwa amekaa na wananchi wengine kwenye benchi la nyuma kwa sababu alijitoa.

"Mama Daniel, masale yakoje?"

"Yameshikwa na udongo, Mwenyekiti," alisimama akasema, kisha akaketi.

Jumamosi turubai lilijaa. Wakati ulipofika, Abdiel alisimama na suti yake ya Pasaka, akamshika Elieshi mkono. Walipita katikati yetu polepole, binti analia na kucheka. Ili kufika lango la Thomasi walipaswa kupita kando ya mpaka, na vile vipande vilikuwa bado vimelala kidogo, lakini kijani. Abdiel alivikwepa kwa uangalifu mkubwa, akainua na gauni la binti lisiviguse.

Kwenye lango la Abdiel mwenyewe bendera bado ipo. Thomasi anapita hapo kila siku, na kwenye kundi la ukoo bado wanarushiana video. Siku hizi lakini kila mmoja anaandika kwanza, "Najua utasema hivi," kisha anaeleza, na mara nyingi anapatia.

Siku ile ya sendofu, kabla Elieshi hajatolewa, MC aliwataka wazazi wa ukoo wasimame watambulishwe. Alipofika kwangu alitaka kunipita, kwa kuwa ananijua. Nikamwomba maikrofoni. Niliishika kwa mikono miwili.

Nikasema, "Huyu hapa ni mke wangu, Magreth."