Mtaguso wa Kigango Chetu

Mwanangu wa kwanza aliishi siku tatu. Alizaliwa Jumapili asubuhi, akafa Jumatano kabla jua halijafika utosini, na hakuwa amebatizwa. Hilo la mwisho ndilo lililoleta maneno.

Nilikuwa nimerudi kujifungulia kwa wazazi wangu, kijiji kimoja upande wa Nkololo. Mume wangu alikuwa Bukundi, huko Meatu, akipakia pamba kwenye lori la mnunuzi. Ilikuwa miaka ile ambapo chama cha msingi cha ushirika hakikuwa tena mnunuzi pekee wa pamba. Watu binafsi walikuja na mizani zao, kila mmoja akawaita wakulima upande wake. Makanisa nayo yaliongezeka. Wahubiri wapya waliingia vijijini na vipaza sauti, na baadhi yao waliwauliza waumini wetu maswali ambayo hatukujua kuyajibu: Nani aliwaambia Mwana ni sawa na Baba? Neno Utatu limeandikwa ukurasa gani?

Kwa sababu ya maswali hayo padri aliwaita makatekista wote parokiani, Bariadi, kwa semina ya siku tano. Mada ilikuwa mitaguso ya kale, yaani jinsi maaskofu wa zamani walivyokaa pamoja na kuamua ugomvi wa imani. Baba yangu ndiye aliyekuwa katekista wa kigango chetu, kanisa dogo la kijiji chini ya parokia. Aliondoka Jumatatu kwa baiskeli, akiwa amempakata mjukuu wake mara moja tu.

Mtu yeyote anaweza kumbatiza mtoto aliye katika hatari ya kufa. Yanatakiwa maji na maneno machache. Baba alinifundisha hayo nikiwa sijafikisha miaka kumi, na nilikuwa nayajua kama ninavyolijua jina langu. Mtungi ulikuwa hatua nne kutoka kitandani. Mama alikuwa shambani akichuma pamba. Mtoto alikuwa kimya, mimi nikadhani amelala. Nilipomgusa shavu lilikuwa limepoa kama kibuyu cha maziwa kilichokaa kivulini.

Sikupiga kelele. Nilimfunika nikakaa. Mama aliporudi nilimwambia, "Amekufa," kwa sauti ile ile ambayo ningemwambia maji yamechemka.

Baba alipelekewa habari, akaiacha semina siku moja kabla ya mwisho. Tulimzika mtoto Alhamisi jioni, katika makaburi ya Wakristo nyuma ya kanisa. Baba aliongoza sala zote, bila kupunguza hata moja. Alipomaliza alifunga kitabu, akatutazama, akaongeza la kwake.

"Msiulizane mtoto huyu yuko wapi. Yuko kwa Mungu."

Watu waliitikia amina. Mwenyekiti wa kigango, ambaye alikuwa amesimama karibu na miguu ya kaburi, hakuitikia.

Alikuwa mzee kumpita baba, mkulima mwenye jozi mbili za maksai, aliyefundishwa dini na wamisionari wa zamani na kuikariri katekisimu yao yote, maswali na majibu. Jumamosi alikuja nyumbani. Mimi nilikuwa uani nikianika michembe, na hakuna aliyeniambia niondoke.

"Mwalimu," alimwambia baba, maana ndivyo katekista anavyoitwa kwetu, "umewazika watoto wangapi katika kigango hiki?"

"Wengi."

"Wasiobatizwa tuliwazika wapi?"

"Nje ya makaburi."

"Kwa sala gani?"

Baba alitazama upande wangu.

"Bila ubatizo, hakuna mbingu. Ndivyo tulivyofundishwa, mimi na wewe. Wanakwenda limbo. Hawateswi, lakini Mungu hawamwoni. Sasa wa kwako amekufa, mafundisho yamebadilika?"

"Nimesema ninavyoamini."

"Katekista hasemi anavyoamini yeye. Anasema linavyoamini Kanisa. Kesho wale wa vipaza sauti watasema hata sisi kila mtu ana dini yake." Akasimama. "Nimemwandikia padri."

Alinipita akasema, "Pole, mayu," yaani mama kwa lugha ya kwetu. Nikamjibu, "Asante." Nakumbuka niliendelea kupanga vipande vya viazi kwenye jamvi, vikubwa kwa vikubwa, vidogo kwa vidogo.

Padri alijibu kwamba atakuja wiki ya pili. Siku zile za kusubiri baba hakujua aniambie nini. Hakuwa mtu wa maneno laini. Maziwa yalikuwa yamenijaa kifuani, mama alinifunga kwa kanga ili yakauke, na mimi nilikuwa nakula nikiambiwa nile. Ndipo baba akaanza kuja uani kila asubuhi akiwa na daftari la semina. Aliketi kwenye kigoda, akavaa miwani yenye mkono mmoja, akanisomea.

Alisoma polepole, maana alikuwa na darasa la nne tu, na mwandiko wake mwenyewe ulimpa taabu. Alinisomea Nikea kwanza. Padri mmoja wa Aleksandria alifundisha kwamba Mwana aliumbwa, na kwamba kuna wakati hakuwepo. Kaisari akawaita maaskofu. Baadhi yao walifika wakiwa na makovu ya mateso ya miaka iliyotangulia. Walibishana. Kila andiko lililotolewa upande mmoja, upande wa pili ulikubali kulisoma, lakini kwa maana yake. Mwishowe wakachukua neno ambalo halimo kabisa katika Maandiko ili kuufunga mlango: Mwana ana umungu mmoja na Baba. Karibu wote wakatia sahihi. Wawili walikataa, wakapelekwa uhamishoni pamoja na yule padri.

"Ikaisha?" niliuliza. Nadhani niliuliza kwa sababu alikuwa amenyamaza.

"Haikuisha. Walipigana miaka mingine mingi. Mtaguso huu unafuta ule."

Siku nyingine ilikuwa Efeso. Huko ugomvi ulikuwa kama Maria aitwe Mama wa Mungu au la. Askofu wa Aleksandria alifungua kikao kabla wenzake wa upande wa pili hawajafika, akamhukumu mpinzani wake siku ile ile. Wale wa Antiokia walipofika wakakuta kesi imekwisha, nao wakafanya kikao chao, wakamhukumu yeye. Ilichukua karibu miaka miwili mpaka wapatanishi wakaandika maneno ambayo pande zote ziliweza kuyatamka.

"Maaskofu," baba alisema, akatikisa kichwa. Alikuwa kama mtu aliyegundua kwamba wazazi wake waliwahi kupigana.

Halafu akanisomea kikao kingine cha Efeso, ambako askari na wamonaki waliingia na fimbo, na watu wakatia sahihi kwa hofu. Miaka miwili baadaye mtaguso wa Kalkedoni ukakifuta. Aliandika pale kwa herufi kubwa: UKWELI UNAWEZA KUSHINDWA LEO. Mimi nilisikiliza yote. Kama angenisomea orodha ya mbegu ningesikiliza vile vile. Lakini nilikuwa nimeanza kumngoja asubuhi, na hilo nililitambua.

Padri alifika Jumamosi kwa pikipiki. Tuliketi kanisani watu watano: padri, mwenyekiti, katibu wa kigango, baba, na mimi peke yangu upande wa wanawake. Mwenyekiti aliongea kwanza, kwa adabu, bila kumtukana mtu. Baba akaongea baadaye. Alisema hajui kubishana, ila anakumbuka alichofundishwa semina, kwamba mtaguso usiosubiri upande wa pili huzaa ugomvi mwingine, ndiyo maana ameomba binti yake awepo.

Padri alinigeukia. "Ulikusudia kumbatiza mtoto wako?"

"Ndiyo, padri. Tulikuwa tunakusubiri wewe uje."

"Kwa nini hukumbatiza mwenyewe?"

"Nilidhani amelala."

Katibu aliacha kuandika. Nilitazama sakafu ya saruji, kulikuwa na ufa kutoka mlangoni mpaka karibu na altare, na siafu wachache walikuwa wakiufuata.

Padri alisema ukweli wote, na kwa hilo nimemheshimu siku zote. Alisema mwenyekiti hakubuni kitu. Maaskofu wa Afrika ya Kaskazini waliwahi kukaa na kusema maneno makali juu ya watoto wasiobatizwa. Karne nyingi baadaye, mtaguso wa Florensi nao ulisema wanaokufa na dhambi ya asili peke yake wanashuka kuzimu, ingawa adhabu yao si sawa na ya wengine. Walimu wakatafuta namna ya kulipunguza hilo, wakafundisha limbo, lakini limbo yenyewe hakuna mtaguso ulioifanya kuwa sharti la imani. Na siku hizi Kanisa limeweka sala ya kumzika mtoto ambaye wazazi wake walikusudia kumbatiza. Linamkabidhi kwa huruma ya Mungu.

"Kwa hiyo mwalimu hakukosea kusali," padri alisema. "Hakukosea kumzika makaburini. Lakini kuna neno moja. Kanisa halisemi 'yuko'. Linasema 'tunatumaini yuko'. Yuko ni kujua. Sisi hatujui."

"Neno moja tu?" baba aliuliza.

"Mwalimu, umetoka semina. Unajua walivyogombania neno moja."

Mwenyekiti alikuwa ameinamisha kichwa. Padri akamuuliza kama ameridhika. Mwenyekiti akasema kwa Kiswahili chake kizito, "Padri, mimi niliwazika wawili. Kule kwenye ua wa minyaa, nje ya makaburi. Bila sala. Padri wa wakati ule alisema ndivyo. Mke wangu alitaka kwenda, nikamkataza." Akainua kichwa. "Kama huyu wa mwalimu yuko kwa Mungu, na wangu je? Na kama sala iliruhusiwa, mimi nilimkatazia nini?"

Hata padri hakuwa na daftari la jambo hilo. Nilimtazama mwenyekiti nikajua kwamba ninapaswa kumwonea huruma. Niliijua huruma ilipo, kama unavyojua jembe liko nyuma ya mlango, lakini sikunyanyuka kwenda kuichukua.

Katibu aliandika makubaliano. Baba angesahihisha neno lake mbele ya waumini kesho yake, na kesi ingefungwa. Wote walitia sahihi. Jioni ile baba alinifuata jikoni.

"Wewe unasemaje, mayu?"

"Sema tu, baba."

"Nikisema, hutaona nimemwacha?"

"Sijui naona nini," nilimwambia. Ulikuwa ukweli. Alisimama kidogo, akaenda kufunga ndama.

Jumapili kanisa lilijaa, kwa sababu padri alikuwepo na kwa sababu watu walikuwa wamesikia. Baada ya mahubiri baba alisimama mbele. Alikuwa amevaa shati lake la mtumba la mikono mirefu, amelifunga vifungo mpaka shingoni.

"Siku ile kaburini nilisema mjukuu wangu yuko kwa Mungu," alisema. "Kanisa linanifundisha niseme hivi: tunamkabidhi kwa huruma ya Mungu, tunatumaini yuko kwake."

Kisha upande wa wanawake mtu mmoja akasema, si kwa nguvu, "Yuko."

Alikuwa mke wa mwenyekiti. Mama mfupi, mwenye sauti ya mafua, ambaye sikuwahi kumsikia akisema lolote kanisani zaidi ya majibu ya Misa. Aliyekuwa karibu naye akasema, "Yuko." Halafu wengine, benchi kwa benchi, akina mama ambao wengi wao nilijua wamezika. Hawakusimama. Walisema kama wanavyoitikia litania. Mama yangu alisema. Mimi mdomo wangu haukufunguka.

Padri alisubiri mpaka wakamaliza. Angeweza kuwakemea. Alishuka altareni, akasimama kando ya baba, akasema, "Tusimame, tukiri imani yetu," tukaikariri Nasadiki, hadi lile neno la Nikea na kulipita.

Baada ya Misa nilimsikia akimwambia baba nje, "Kule Florensi Wagiriki walitia sahihi kuungana na Roma. Walipofika kwao, watu wakakataa. Nilisahau kuwafundisha hilo vizuri." Hakuwa amekasirika. Aliwasha pikipiki akaenda Misa ya kigango kingine.

Siku chache baadaye mwenyekiti alikuja tena, safari hii na mkewe. Alimwomba baba aende nao kwenye minyaa. Hapakuwa na alama yoyote iliyobaki, kwa hiyo walisimama mahali ambapo mama yule aliwaonyesha, yeye aliyekatazwa kwenda na ambaye kumbe alikwenda. Baba alisali ile sala ya kitabu jinsi ilivyo. Mwenyekiti aliendelea na uenyekiti kwa miaka mingine, na hakuwahi tena kumshtaki mtu kwa padri.

Mume wangu alikuja msimu wa pamba ulipokwisha. Alikwenda kaburini peke yake, akarudi akanywa maji, akaniuliza kama nina nguvu za kusafiri. Nikasema ninazo. Tulipanda lori lililokuwa likirudi Meatu tupu, likinuka vumbi la pamba na dizeli. Baba alinipa mkono, akasema niende salama. Njia nzima niliangalia mashamba yaliyochumwa, mabua yakiwa yamebaki wima, na watu wakiyang'oa kuyachoma kama sheria ilivyotaka. Mahali fulani baada ya Mwamapalala kifua kiliniuma, nikagundua kwamba kanga aliyonifunga mama kifuani ilikuwa imelegea, na maziwa yalikuwa yamekauka zamani. Nikaifungua, nikaikunja, nikaikalia.