Visiagi Viwili vya Tongaren na Simu Yangu

Enzi zetu, na wewe uliyekulia kule Tongaren utanikubalia, siri ya nyumba haikutokea mlangoni. Ilitokea ndani ya debe, juu ya kichwa cha mtoto, ikienda kisiagi. Vijana wa siku hizi wananunua unga kwenye pakiti yenye picha ya mama anayecheka, na sina hakika kama wanajua kisiagi ni kitu gani. Ni mashine ya kusaga mahindi, wanangu. Jumamosi tulipukuchua, tukapepeta, tukaviringisha ngata ya majani ya mgomba, debe likapandishwa kichwani na safari ikaanza.

Visiagi vilikuwa viwili. Cha kwanza kilikuwa cha Sikuku, pale sokoni, cha dizeli. Bomba lake la moshi lilifunikwa kopo, na kopo hilo lilipiga tuku-tuku-tuku mchana kutwa. Tuliusikia mlio huo hadi darasani, mwalimu akiandika hesabu na sisi tukitikisa vichwa kwa mapigo yake. Kilisaga haraka. Unga ulitoka laini na wa moto, ukitia mkono ndani hutaki kuutoa. Ulirudi nyumbani na nyusi nyeupe, na ugali ukawa tayari kabla ya jua kuzama.

Tatizo lilikuwa Sikuku mwenyewe. Akichungulia debe lako, ameichungulia nyumba yenu. Ukileta wimbi mtupu, amejua kuna mtu amejifungua na anahitaji uji. Ukileta kimera, amejua baba anatengeneza pombe ya busaa, na atakuuliza aje siku gani. Madebe mawili katika wiki moja maana yake mna wageni. Mwaka ule wa mahindi ya njano, mahindi ya msaada, alijua ni nani ameanza kuyala kwanza, na kwa watu wa Tongaren, wakulima wa mahindi, hiyo ilikuwa aibu ya kufa nayo. Halafu hakuuliza taratibu. Aliuliza kwa kushindana na injini, foleni nzima ikisikia.

"Nekesa! Hii wimbi ni ya nani? Mama yako amezaa ama ni ile shangazi yako ya Chwele?"

Nilikuwa na miaka tisa.

Kisiagi cha pili kilikuwa cha mzee Wepukhulu, kule mtoni, kikiendeshwa na maji. Kilikuwa mbali, njia ya mteremko wakati wa kwenda na mlima wakati wa kurudi na mzigo. Kilisaga polepole mno, ungeweza kulala, kuamka na kuoga mtoni kabla debe halijaisha. Unga wake ulikuwa wa chenga, na mara nyingine tulitafuna mchanga ndani yake. Kiangazi maji yakipungua, kilisimama kabisa. Lakini Wepukhulu hakuuliza. Alipokea debe, akamimina, akageuka kutazama maji. Miaka yote ile sidhani aliwahi kulijua jina langu.

Mama yangu alikuwa na sheria moja: "Mambo ya nyumba hayasagwi kwa Sikuku." Basi mahindi ya kawaida yalikwenda sokoni, na mahindi yenye maneno yalikwenda mtoni. Sisi watoto tuliichukia siri kwa sababu moja tu, siri ilikuwa na mlima.

Haya yote yamenirudia mwaka huu kwa sababu ya simu. Nawaambia ukweli, simu hii imenichanganya kichwa kuliko hesabu za darasa la saba.

Nina duka la mbegu na dawa za mifugo hapa Kitale. Miezi michache iliyopita mzee mmoja wa njia ya Suam alikuja kununua dawa ya minyoo ya ndama. Nikampa chupa, nikampigia hesabu, nikamtakia safari njema. Akarudi kutoka mlangoni. "Madam, hii si ya kupe?" Ilikuwa ya kupe. Ile ya kuogeshea ng'ombe, ambayo ndama akinyweshwa hafiki jioni. Nilicheka, nikamwomba radhi, nikambadilishia. Alipoondoka niliketi kwenye gunia la mbolea. Kwa sababu haikuwa mara ya kwanza. Na kwa sababu bibi yangu, kukhu wetu tuliyempenda, alianza hivyo hivyo.

Ningemwuliza nani? Duka ni jina. Wateja wakisikia Mama Naliaka anasahau chupa, kesho wako kwa jirani. Nikauliza simu, ile mashine ya kutafuta iliyokuja nayo tangu dukani. Nikaandika: kwa nini mwanamke wa miaka hamsini na saba anasahau sahau. Jamani, ilijibu kabla sijavaa miwani vizuri. Ilinieleza habari za damu, za usingizi, za mawazo, za ule ugonjwa wenyewe wa kusahau. Ikanionyesha hata kliniki hapa hapa Kitale, daktari anakuja siku gani, na kwamba kutoka nilipoketi ni dakika kumi na mbili kwa miguu. Nilipoketi! Nani aliiambia nimeketi wapi?

Kuanzia siku hiyo matangazo yakanifuata. Nafungua bei ya mahindi, naona vidonge vya kuongeza akili. Natazama mahubiri, katikati ya mahubiri anatokea mzungu mwenye mvi anacheza mchezo wa kupanga herufi. Nikaletewa hata fimbo ya kutembelea, mimi ninayepanda ngazi za stoo na gunia la mbegu.

Binti yangu Naliaka anafanya kazi Bungoma mjini na huja kunitembelea mwisho wa wiki. Alichukua simu yangu kutafuta kitu, akasema, "Mathe, ni nani amekuwa akiuliza mambo ya kusahau na hii simu?"

"Mteja," nikasema.

"Mteja gani?"

"Mteja tu. Mama yake ni mgonjwa."

Hapo nilijisikia nina miaka tisa tena, debe kichwani, Sikuku amenikodolea macho. Naliaka hakubisha. Alinihubiria tu. "Hiyo kitu inaandika kila kitu unauliza, Mathe. Inajua uko wapi, unanunua nini, unaumwa wapi. Ngoja nikuwekee ingine, hiyo haiandiki chochote. Ukishafunga, imesahau."

Sikujizuia kucheka. Hawa ndio watoto wanaopiga picha sahani ya chipsi wakaionyesha dunia nzima kabla hawajaonja, halafu wananifundisha mimi habari za siri! Lakini nilimwacha aiweke. Moyoni nilisema, haya, nimehamia kwa Wepukhulu.

Na kweli ilikuwa Wepukhulu mtupu. Niliuliza habari ya daktari, ikaniletea madaktari wa Ulaya. Nikaandika Kitale, ikaleta picha za Kitale na historia ya reli. Kuandika neno nusu ikanimalizia, hakuna. Kunikumbusha jana nilikuwa nasoma nini, hakuna. Kila nikiifungua inanitazama kama mgeni. Lakini fimbo haikuja, vidonge havikuja, na mahubiri yalikwenda hadi amina. Nililala vizuri kwa siku kadhaa. Kisha nikaanza kujiuliza, hivi mtu anayesahau anakwenda kununua mashine inayosahau? Tukikutana wawili, nani atamkumbusha mwenzake?

Basi nikarudi kwa ile ya kwanza kwa wizi, kama mtoto anayepita njia aliyokatazwa. Katika kubonyeza bonyeza nikafika mahali ilipoorodhesha yote niliyowahi kuiuliza, na saa zake. Nikasoma nikicheka, mpaka nikafika Jumanne moja. Kwa nini mwanamke wa miaka hamsini na saba anasahau sahau, saa mbili asubuhi. Saa nne, swali lile lile. Saa sita lile lile. Saa tisa lile lile, neno kwa neno.

Nilikumbuka kuuliza mara moja.

Niliogopa, nisiwadanganye. Na nilipokuwa nimeketi nilimwona kukhu, na gorogoro yake, kile kikopo cha kupimia mahindi, kwapani.

Kukhu alipenda kwenda kisiagi mwenyewe. Siku moja alikwenda kwa Sikuku asubuhi, akarudi na unga, akajaza tena gorogoro akaenda. Sikuku akapiga kelele juu ya injini, "Kukhu, si umesaga asubuhi? Ama mnalisha jeshi?" Foleni ikaangua kicheko. Jioni kijiji kizima kilijua kwamba kukhu ameleta mahindi mara mbili. Mama aliona haya mpaka akalia jikoni, akasingizia moshi. Kuanzia hapo, hata mahindi ya kawaida tulipeleka mtoni, na kukhu akaambiwa njia yake ni ya mtoni. Wepukhulu alimpokea bila neno. Kukhu akileta mahindi, anasaga. Akileta unga uliokwisha kusagwa, anausaga tena.

Kisha siku moja kukhu hakurudi. Tulimtafuta shambani, kwa majirani, kanisani. Mama na mimi tulikimbia mpaka mtoni. Wepukhulu alikuwa anatazama maji.

"Alipita asubuhi," alisema. "Kikopo kilikuwa tupu."

"Alikwenda wapi, baba?"

"Sikuuliza."

Hakuwa mtu mbaya. Aliinamisha kichwa, na nikaona kwamba ameumia. Lakini hakuwa na kingine cha kutupa.

Mama alisimama pale, nadhani akipima aibu yake. Kisha alinishika mkono tukapanda ule mlima, moja kwa moja mpaka sokoni. Sikuku alipotuona tunahema, alifanya jambo ambalo sijawahi kuliona tena. Alizima injini katikati ya mchana, foleni ikiwa ndefu. Tuku-tuku ikakatika. Soko lote likageuka, maana kisiagi cha Sikuku kilinyamaza kwa mazishi tu.

"Kukhu amepotea," Mama alisema, mbele ya watu wote.

Sikuku hakufikiri hata kidogo. "Ameenda Chwele. Kila siku alikuwa ananiambia hii unga ni ya mama yake, Chwele. Nilikuwa namwuliza, kukhu, mama yako bado yuko? Ananiambia yuko, anangoja unga." Akageukia vijana wa foleni. "Nyinyi wa baiskeli, mnangoja nini? Njia ya Chwele!"

Walimkuta jua likiwa bado juu, amechoka, ameketi kando ya shamba la mtu, gorogoro mapajani. Alirudi amebebwa kwenye karia ya baiskeli, kama bibi harusi, akiwasalimu watu njiani. Jumamosi iliyofuata Mama alibeba debe mwenyewe, akapanga foleni kwa Sikuku. Zamu yake ilipofika alisema, "Kukhu akija hapa mara ya pili, mwambie unga uko nyumbani." Sikuku, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alijibu kwa sauti ya chini. Hatukwenda tena mtoni.

Sasa niambieni ninyi wa rika langu, nishike lipi? Maana nimekaa na jambo hili nikachanganyikiwa kabisa. Simu yangu inanijua kuliko Sikuku. Ilijua Jumanne ile tangu saa nne asubuhi, wakati mimi mwenyewe sijui. Ilifanya nini? Iliniletea fimbo. Haikuzima injini yake hata kidogo, haikumwita mtu wa baiskeli. Na ile ya Naliaka ina adabu zote, haitanisema popote, na siku nikipita mbele yake na kikopo kitupu haitakuwa na la kusema. Zamani umbea ulituchoma, lakini mwenye kukusengenya ndiye aliyekuja kukutafuta. Leo anayejua habari zangu hanijui mimi.

Naliaka alipokuja Jumapili, nilimpa simu, orodha ikiwa wazi pale kwenye Jumanne. "Hakuna mteja," nikamwambia.

Alisoma. Simu yake mwenyewe ikaanza kulia, ikalia tena, ujumbe juu ya ujumbe. Basi akaishika akaizima. Sikuwahi kumwona akiizima tangu aanze kazi. Duka likawa kimya, kuku wa jirani tu wakisikika nje.

"Kesho hatufungui duka," alisema. "Tunaenda pamoja kwa daktari, kwa hiyo kliniki ya dakika kumi na mbili." Kisha akakaa kando yangu kwenye gunia. "Kukhu wako alikuwa anaenda Chwele, sivyo? Uliwahi kuniambia."

"Chwele. Kwa mama yake."

"Na wewe, Mathe? Ikifika hiyo siku, nianzie wapi?"

Sikuhitaji kufikiri. Nilimwambia Tongaren, pale sokoni, mahali palipokuwa na kisiagi cha Sikuku. Hakipo tena, siku hizi pana kibanda cha kuchaji simu, lakini mimi nitasimama pale pale, nikingoja zamu yangu.

Naliaka alitafuta kalamu kwenye droo ya duka, akageuza kitabu cha risiti, akaandika nyuma yake. Aliniuliza kibanda kiko upande gani wa barabara. Nikamwambia, naye akaandika hilo pia.